Kiti Kilicho Usawa wa Gurudumu

Bapa la thelathini na moja lilikuwa limeanza kuchelewa. Si kuchelewa kwa binadamu, kule kwa kuingia mkutanoni chai imekwisha na kuisingizia foleni. Lilichelewa kwa upana usiofika hata wa unywele, na katika kiwanda kizima cha umeme hapakuwa na mtu aliyelijua jambo hilo isipokuwa mwanamke mmoja aliyekaa mbele ya kompyuta, miwani imemshuka puani, mkononi ana kikombe ambacho alikwisha kukisahau.

Kazini walimwita Mpimaji. Wengine, walipodhani hasikii, walimwita Mke wa Turbini. Alisikia, na wala hakuchukia, maana mumewe halisi alikuwa msimamizi wa zamu katika ukumbi wa turbini hiyo hiyo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Mvuke uliingia katika turbini kwa kishindo, ukasukuma magurudumu ya chuma, na kila gurudumu lilizungukwa na mabapa yaliyosimama wima kama mapanga. Gurudumu la mwisho ndilo lililokuwa na mabapa marefu kuliko yote, na hilo ndilo alilokabidhiwa. Alikuwa ametoboa ganda la turbini na kupachika vihisio vidogo, kazi yao kutazama tu nani anapita: huyu kapita, huyu kapita, na huyu naye huyo. Bapa lililotulia hupita kwa wakati wake kila mzunguko. Linalotetemeka huwahi kidogo au huchelewa kidogo, na kutokana na kuwahi na kuchelewa huko Mpimaji aliweza kuuchora mtetemo wake wote bila kuligusa wala kuliona, kama mtu anavyomjua mwenzake kwa mshindo wa nyayo ukumbini.

Kila bapa lina mtetemo wake, kama mtu na sauti yake. Likiingia ufa hulegea, na likilegea, sauti ile hushuka. Sauti ya la thelathini na moja ilikuwa inashuka tangu mvua zilipokatika. Mwanzoni Mpimaji alivishuku vyombo vyake. Akabadilisha nyaya, akahamisha vihisio, akaanza hesabu upya toka mwanzo, huku moyoni anaomba awe amekosea. Hebu fikiri: mtu asome miaka yote ile ili asikosee, halafu akae kitini aombe kosa! Kosa lenyewe halikuja. Sauti ilizidi kushuka, polepole, bila haraka, na yeye akaenda kugonga mlango wa Meneja.

Meneja alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomchosha Mpimaji kuliko ukali wa mabosi wote waliomtangulia. Mtu mkali utamkasirikia urudi zako nyumbani umepumua. Huyu alikuvutia kiti, akakuuliza hali ya mama mkwe wako, akasikiliza mpaka mwisho.

"Usiniambie ni lile lile," alisema.

"Ni lile lile, bosi. Limeshuka tena."

"Limeshuka, limeshuka. Litashuka mpaka wapi?"

"Mpaka likatike. Na likikatika kwa mwendo ule, ganda halitalizuia. Unajua ganda lenyewe lilivyoliwa na maji ya mvuke, limebaki viraka."

"Najua. Litakatika lini?"

Mpimaji aliikunjua grafu mezani, akaigeuza imtazame Meneja.

"Nipe mwezi," Meneja alisema. "Huna mwezi? Nipe msimu basi. Kabla ya mvua au baada?"

"Kipimo kinaniambia linakufa, bosi. Hakiniambii siku ya mazishi."

Meneja alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai, ingawa haikuwa na vumbi. "Nisikilize na mimi. Mtambo wa pili tumeung'oa viungo vyote ili huu uishi. Huu ukisimama ukapoa, mimi na wewe tunajua hautaamka tena. Pampu za maji za mji mzima zinakula umeme wa hapa. Wodi ya watoto njiti, vile visanduku vyao vya joto, vinakula umeme wa hapa. Nikienda kuzima, wakaniuliza kwa nini, niwaambie kwa sababu ya siku ambayo hata Mpimaji mwenyewe haijui?"

"Mabapa mapya yakifika—"

"Hayafiki."

Alilisema neno hilo kwa sauti ya chini mno, kama mtu anayetaja maradhi mbele ya mgonjwa. Mpimaji akadhani hakuelewa.

"Si ulisema mkutanoni yako baharini?"

"Nilisema. Kiwanda kilichokuwa kinayafua kimefungwa, na hakuna mwingine duniani anayetaka kufua mabapa ya mtambo wa kale hivi. Niliwaambia watu yako baharini ili wapate usingizi. Wewe umelala jana?"

"Sikulala."

"Basi angalau wao wamelala." Alivaa tena miwani. Kisha uso ukamchangamka kidogo, maskini, kama mtu aliyeokota wazo njiani. "Tupunguze mvuke, je? Tuuendeshe kwa nusu. Mgonjwa si hupunguziwa mzigo?"

Mpimaji alitikisa kichwa. "Haya mabapa marefu mvuke ukipungua hupepea kama shuka kwenye kamba. Yatakatika upesi zaidi. Nafuu kidogo yanapata ukiyaendesha kwa nguvu zote."

"Kwa hiyo hata huruma hairuhusiwi," alisema Meneja.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio la Meneja lilisikia vizuri kabisa. Dawa ndiyo haikuwepo, na Mpimaji alitoka ofisini mle akiwa hana hata wa kumkasirikia.

Ukumbi wa turbini ulikuwa na miiko yake, na mkubwa kuliko yote ni huu: usisimame usawa wa gurudumu. Gurudumu likirusha kitu halirushi mbele wala nyuma. Hukirusha kwenye mstari wake lenyewe, kama gurudumu la baiskeli linavyorusha tope juu, likamchafua mwendeshaji mgongo mzima na kumwacha safi aliyesimama kando. Kwa hiyo sakafuni palichorwa mistari miwili ya njano, upande huu na upande ule wa gurudumu la mwisho, na wafanyakazi walipokatiza kati ya mistari ile walikaza mwendo, hata wale waliojifanya hawaamini. Mzaha wao ulikuwa kwamba humo ndani hata anayekudai humwachi akusimamishe.

Lakini ndani ya mistari hiyo hiyo palikuwa na kiti. Si kwamba aliyekiweka alikuwa mjinga. Zamani mafuta ya kulainisha mhimili yalijirekebisha yenyewe, mpaka moto mmoja ulipokula nyaya zote, na tangu hapo ikalazimu mtu akae pale bomba lilipo, macho kwenye geji, mkono kwenye vali, afungue kidogo, afunge kidogo, mchana kutwa, mpaka usiku kukipoa mafuta yatulie yenyewe. Walijaribu kulirefusha bomba, mafuta yakafika yamechelewa. Walijaribu kufunga mota ya kuzungusha vali, mota haikujua huruma na ikakaribia kuuchoma mhimili. Mkono wa mtu tu ndio uliokubaliwa. Basi wafanyakazi wa zamu wakawa wanapokezana kile kiti, kila mmoja kitambo, kisha anainuka anamwachia mwenzake, na hakuna aliyelalamika sana. Mtetemo wa mabapa wakati huo ulikuwa mzuri.

Ngurumo ya humo ndani haikuruhusu mazungumzo. Watu walivaa vikinga masikio na kusema kwa mikono. Ngumi juu ya ngumi: funga. Kidole shavuni: twende tukale. Kiganja kikitazama chini, kikatulizwa hewani kana kwamba unambembeleza mtoto asiamke: mambo shwari, limetulia. Kwa lugha hiyo ndiyo mumewe alimposa, miaka hiyo wote wawili hawana mvi. Alisimama kando ya pampu akazungusha kidole kwenye kidole akimaanisha pete, na Mpimaji, mtu wa kazi, akaenda akamletea spana.

Mama mkwe hakuwahi kuichoka hadithi hiyo. "Mwanangu aliomba mke," alipenda kuwaambia wageni, "akaletewa spana. Na mpaka leo sijui alipewa kipi."

Jioni ile Mpimaji alimkuta bibi huyo amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, sinia la mchele mapajani, anachagua mawe.

"Nyie wote wawili watu wa umeme," alimpokea, "na taa ya ukumbini imekufa wiki ya pili hii. Kweli mganga hajigangi."

"Nitamwambia mwanao, mama."

"Mwambie wewe. Mimi nikimwambia ananiita mama kipenzi, ananibusu kichwani, anaondoka. Taa haibusiwi."

Walikula, wakacheka, bibi akaenda zake kulala mapema. Mpimaji alisimama jikoni anaosha vyombo, mumewe kando yake anafuta. Ripoti zile zilikuwa siri ya ofisi. Lakini ni siri gani ya ofisi itakayokaa kati ya mtu na mwenziwe waliofuta sahani pamoja maisha yao yote? Tangu walipooana, alichokijua yeye, mumewe alikijua. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yao, wengine wana maua.

"Nataka nikuombe kitu kimoja tu," alisema. "Kile kiti cha vali usikikalie."

"Kina nini?"

Akamweleza yote. Bapa, ufa, sauti inayoshuka, ganda la viraka. Akamweleza na habari ya mabapa yaliyo baharini ambayo hayapo baharini wala nchi kavu. Mumewe alikuwa na sahani moja mkononi, akaifuta, akaifuta, mpaka ikawa kavu kuliko siku iliyonunuliwa.

"Nimekusikia," alisema.

"Sema hutakikalia."

"Mke wangu, si nimesema nimekusikia?"

Mpimaji akachukulia hiyo kuwa ahadi. Usiku ule alilala fofofo, usingizi wa mtu aliyetua gunia. Asubuhi alipoamka, taa ya ukumbini ilikuwa inawaka.

Siku zikaenda. Sauti ya bapa ikashuka, ikakaa, ikashuka. Kila asubuhi aliichora kwenye grafu na kupeleka nakala kwa Meneja, naye Meneja akaipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Ndivyo walivyokuwa, wawili hao: mmoja anapima, mwingine anashukuru. Asubuhi moja, Mpimaji ameinama kukaza kihisio kilicholegea, mtu akamgusa begani. Alikuwa mtia mafuta wa zamu, jina lake la kazini Bonge, na aliyempa jina hilo hakupiga chuku. Alimvuta mpaka nje ya mlango wa ukumbi, mahali ambapo mtu anaweza kusikika.

"Shemeji, mumeo umemfanya nini? Umemnyima kiti nyumbani?"

"Kiti gani tena?"

"Kile cha vali. Amekigeuza cha enzi! Sisi tulikuwa tunapokezana vizuri, mtu anakaa kitambo, anainuka. Sasa akiingia zamu anakaa yeye, mwanzo mwisho. Na wenzake wa zamu nyingine kawaomba wampe saa zao, anarudi kukaa. Ukimsogelea anakufukuza kama kuku. Mimi nimemwambia, kaka, na hizi nyama zangu zinahitaji kupumzika. Akaniambia kakae juu ya pipa, kule kwenye pampu, mbali." Bonge alikuwa anacheka, lakini macho yalimtafuta Mpimaji usoni. "Hata kwenda haja anakimbia, anarudi anakimbia. Mtu mzima yule. Tukadhani labda mmegombana."

"Tangu lini?"

"Muda sasa. Nakumbuka alianza siku ile alipoipaka rangi upya mistari ya njano. Kaipanua, eti tusiikanyage."

Muda huo wote mumewe alirudi nyumbani kama kawaida, akichelewa husema ni zamu za ziada, akala kama kawaida, akalalamikia mgongo kama kawaida. Na Mpimaji, anayeweza kulijua bapa kwa kuchelewa kwake chini ya unywele, hakuona kitu.

Hakumngoja arudi nyumbani. Alimngoja kwenye maegesho ya baiskeli saa ya kubadilishana zamu, na mumewe alipomwona amesimama pale alijua, kwa sababu alianza kuvua glavu polepole, kidole kimoja kimoja.

"Bonge ana mdomo," alisema.

"Usimtaje Bonge. Nilikuomba nini mimi?"

"Uliniomba nisikikalie."

"Ukafanya nini?"

Mumewe alizikunja glavu akazitia mfukoni, akazitoa tena. "Nilikaa nikafikiri. Uliniambia habari ile ili nifanye nini nayo? Niinuke mimi, sawa. Vali lazima ishikwe. Nikishainuka, ninamwita nani? Bonge? Ana watoto wanne, na wa tano yuko njiani. Yule mwenzake aliyeoa juzi, bado anakuja kazini ananukia uturi? Ninasimama mbele yao, najua ninachokijua, halafu ninamnyooshea mtu kidole kwamba wewe, nenda kakae?"

"Wangeendelea kupokezana. Kila mtu kidogo kidogo."

"Wao hawajui. Mimi najua. Wanapokezana kitu wasichokijua, mimi nimewasimamia." Hakupandisha sauti. "Haya, nipe jina. Nani akae pale? Nitajie mtu mmoja tu, kesho nitamweka."

Watu wa zamu walikuwa wanapita na baiskeli zao, wanawasalimu, shemeji habari, shemeji za kazi. Mpimaji aliwatazama mmoja mmoja. Alitafuta kwa kweli. Mungu amsamehe, kuna nyuso moja au mbili alizoziangalia zaidi ya mara moja.

"Nisingekuambia," alisema mwishowe, "ungekaa zamu yako, ukainuka, ukaja nyumbani."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni mimi niliyekukalisha pale."

"Ni bapa, mke wangu. Usijitwishe." Akamshika kiwiko. "Twende. Mama atakuwa ameshachagua mchele mpaka kabakisha mawe."

Lakini mzigo haukuondoka kwa kuambiwa usijitwishe. Asubuhi iliyofuata Mpimaji alikaa mbele ya kompyuta akafungua ripoti, na pale palipoandikwa muda uliobaki, mahali ambapo siku zote aliandika haujulikani, akaandika tarehe. Tarehe ya karibu. Ilikuwa rahisi ajabu. Ilisimama pale kwenye karatasi imenyooka na kujiamini, kama tarehe zote. Meneja angeipeleka juu, juu wangeogopa, mtambo ungezimwa, na mumewe angeinuka. Mpimaji aliipenda tarehe ile kwa dakika kadhaa kuliko alivyowahi kupenda hesabu yoyote ya kweli. Kisha akaviona visanduku vya joto, ambavyo hakuwahi kuviona kwa macho, vimepangwa katika chumba kimoja, vinapoa, na kando ya kila kimoja mwanamke ambaye hakuna aliyempa nafasi ya kukubali wala kukataa. Akaifuta. Akaiandika tena. Akaifuta, akaegemea kiti na kulia, kwa mara ya kwanza tangu achukue kazi ile, mlango wa ofisi ukiwa wazi.

Alifikiria kwenda kumwomba Meneja amhamishe mumewe. Alifika mlangoni kwake, akainua mkono kugonga, akaushusha. Alilijua swali atakaloulizwa. Meneja angemvutia kiti, angemuuliza hali ya mama mkwe, kisha angesema kwa upole wake ule: nimweke nani?

Siku ya pili yake asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, alimkuta mama mkwe ameketi uani anaota jua.

"Mama, niazime hicho kiti chako."

"Kiti changu? Nikae wapi, kichwani?"

"Nitakuletea cha mezani. Hiki kinakunjika, nataka kwenda nacho kazini. Nataka nikae na mwanao kidogo."

Bibi alimtazama kwa jicho moja, lingine amelifumba kwa jua. "Uzeeni ndiyo mnataka kukaa pamoja? Haya, kichukue. Na umpelekee chai, tia tangawizi. Mwanangu amekonda, nyie hamuoni."

"Nimeona, mama."

Alipofika aliwasha kompyuta kwanza, maana mazoea ni mazoea. La thelathini na moja lilikuwa limeshuka usiku. Si kidogo kidogo kama siku zote. Lilikuwa limeporomoka ngazi nzima, na mstari wake kwenye grafu ulikuwa umepinda chini. Hakuwahi kuona bapa likifanya hivyo likarudi. Aliitazama grafu muda mrefu. Akaipeleka kwa Meneja, ambaye aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, na safari hii hakusema asante. Alisema, "Nitapiga simu tena." Wote wawili walijua simu ile inapokelewa na nani na inajibiwa nini.

Mpimaji akachukua chupa ya chai na vikombe viwili, kiti akakitia kwapani, akavaa vikinga masikio, akaingia ukumbini.

Ngurumo ilimpokea kifuani. Mbali kule kwenye pampu, Bonge alikuwa amekaa juu ya pipa lake. Alipomwona anaukaribia mstari wa njano alisimama, akapunga mikono yote miwili: shemeji, shemeji, huko siko! Mpimaji akamjibu kwa kidole shavuni, kwamba ameleta kifungua kinywa tu, akauvuka mstari. Rangi yake ilikuwa inang'aa bado, na mstari wenyewe mpana kweli kweli.

Mumewe alikuwa amempa kisogo, macho kwenye geji, mkono juu ya vali. Ovaroli ilimning'inia mabegani. Mama mkwe alisema kweli, alikuwa amekonda. Mpimaji alikikunjua kiti kando yake, akaketi, na hapo ndipo mume alipogeuka.

Hasira ilimpanda usoni wazi wazi. Akanyoosha kidole mlangoni. Mpimaji akatikisa kichwa. Akanyoosha tena, akapiga ngumi juu ya ngumi: funga, kwisha, ondoka. Mpimaji akamnyooshea kidole yeye, kisha mlangoni: tangulia. Walitazamana hivyo, watu wazima wawili wanaogombana kwa vidole, na Bonge kule mbali akakaa tena kwenye pipa lake, akawageuzia mgongo kwa adabu, akidhani ni mambo ya ndoa.

Mwishowe mume alishusha mkono. Halafu akainuka nusu, akaushika mguu wa kiti chake, akakiburura mbele kidogo na pembeni kidogo, mpaka mwili wake ukawa kati ya mkewe na ganda la turbini. Akaurudisha mkono kwenye vali. Alifanya hivyo bila kumtazama, kama mtu anayesogeza kiti kwa ajili ya jua.

Mpimaji alizijua hesabu zake. Aliujua uzito wa bapa lile na mwendo wake, na hesabu hiyo alikwisha kuipiga mara nyingi kwenye karatasi: lingepenya mwili wa mumewe, lingepenya wake, lingepenya ukuta wa nyuma yao, na ukuta ndio pekee ungelipunguza mwendo. Mtu mmoja mbele yake, hata mwembamba kama huyu, hata mnene kama Bonge, hakuwa na tofauti yoyote katika hesabu ile. Maisha yao yote alichokijua yeye, mumewe alikijua.

Alifungua chupa, akamimina. Tangawizi ikanukia katikati ya harufu ya mafuta. Juu ya chai ile, ndani ya kikombe, palikuwa na viduara vidogo vidogo vikitetemeka, na yeye, kwa mazoea tu, akaanza kuvihesabu, akajizuia. Akampa mumewe kikombe katika mkono usioshika vali.

Mumewe alikunywa funda moja. Kisha akamgeukia, akainua nyusi, akaelekeza kidevu kwenye turbini, vile alivyofanya kila siku mlangoni wanapokutana wakati wa mabadilishano ya zamu, miaka yote: linasemaje leo?

Mpimaji aliweka kikombe chake sakafuni. Akanyoosha mkono mbele yake, kiganja kinatazama chini, akakituliza hewani, polepole, na akakishikilia hapo hapo mpaka kikaacha kutetemeka.